Chungu Kisichovuja

Kila nyumba ninayohamia, na nimehama nyingi, kabla sijafungua mizigo huvigeuza vyungu vya maua nikatia kidole kwenye tundu la chini. Nimefanya hivyo Tanga, nimefanya Mombasa, na mwaka huu hapa Dar es Salaam mwenye nyumba alinikuta nimepiga magoti barazani kwake, mkono umezama chini ya debe la waridi. Akaniuliza nimeangusha nini. Nilimwambia sijaangusha kitu, akacheka akaenda zake. Hakujua kwamba nilikuwa naogopa, mimi mwanamke mzima wa miaka arobaini na kitu.

Hofu hiyo niliipata Wete, mwishoni mwa miaka ya hamsini, nikiwa na miaka kumi na tisa.

Nilikuwa nimerudi Pemba kutoka sekondari ya wasichana Unguja, na hazikupita siku nyingi nikaozwa mwalimu wa skuli. Nyumba tuliyokaa ilikuwa ya mama yake. Mavyaa wangu huyo alikuwa mjane wa fundi wa mashua, mwanamke mwembamba, mwepesi wa mikono, asiyeweza kuona kitu kinavuja akakiacha. Paa likitona, yeye ndiye wa kwanza kupanda juu ya kiti na kuchomeka kuti. Ndoo ikitoka maji hainunuliwi nyingine mpaka yeye aishindwe. Alinipokea vizuri. Aliniita mwanangu tangu siku ya kwanza, na akigombana na mwanawe ndipo aliponiita mkaza mwana, kama kwamba niko upande wa yule.

Kwetu ni Chokocho, kusini. Siku ya kuletwa kwa mume nilichukua nguo zangu, vitabu vitatu na mwasmini. Mama alikuwa ameuotesha kutokana na tawi la mti wake mwenyewe, kwenye chungu cha wali kilichomeguka ukingo. Baba alikitoboa chungu hicho kwa ncha ya msumari, taratibu, akiuzungusha na kupuliza vumbi, mpaka likapatikana tundu la kuingia kidole changu cha shahada. Nakumbuka alinipa nijaribu. Nilikipakata chungu garini mpaka Wete, udongo ukanichafua nguo ya harusi, wenzangu wakanicheka njia nzima.

Tulikiweka uani, juu ya kinu kibovu kilichopinduliwa, karibu na jiko. Mwezi wa kwanza tu mwasmini ukachanua. Jioni mavyaa alikuwa akichuma asmini, anatunga, ananipa nivae, na mume wangu akirudi anasimama kidogo mlangoni akivuta pumzi kabla hajavua viatu.

Mimba ya kwanza ilitoka ikiwa na miezi mitatu. Sikulia mbele za watu. Ya pili iliingia baada ya miezi michache, na ilipofika mwezi wa nne nikaona damu. Si nyingi, matone. Lakini na ile ya kwanza ilianza kwa matone.

Mkunga alikuja, akanibonyeza tumbo, akasema nilale, nisiteke maji, nisiinue kitu kizito kuliko bilauri. Alipokwisha kutoka, mavyaa alivaa buibui lake akaenda kwa mwalimu wa chuo, mzee aliyekuwa akisomesha watoto Kurani nyumba ya tatu kutoka kwetu. Akarudi na kombe.

Aliyekulia kwetu hahitaji kuelezwa. Mwalimu huandika aya kwa wino wa zafarani kwenye sahani nyeupe, mistari ikizunguka mpaka sahani haina pahala peupe, kisha maandishi huoshwa kwa maji na marashi, na maji hayo mgonjwa akanywa. Mimi nilikunywa asubuhi na alasiri. Yalikuwa na rangi ya manjano na ladha ya waridi, na kila nikimeza nilihisi nimeshikiliwa na mkono wa mtu.

Tatizo la kombe ni mabaki yake. Maji yaliyobeba maneno ya Mungu hayamwagwi pahala pa kukanyagwa. Wengine huyapeleka kwenye shina la mnazi, wengine baharini. Uani kwetu kila pahala palikuwa njia, yetu na ya bata. Basi mavyaa akauchagua mwasmini. Alisuuza sahani mara tatu, chupa mara tatu, bilauri mara tatu, na maji yote hayo akayatia chunguni, asubuhi na alasiri, huku midomo yake inasoma.

"Hapa ni pahala pa heshima," aliniambia. "Hapana mguu utakaofika hapa."

Habari ikavuka ukuta. Jirani yetu, mama mmoja mnene asiyeishiwa maneno, alikuwa na mume mwenye pumu, naye anaandikiwa kombe. Akaanza kuja na kopo lake.

"Hodi! Fungueni, nimekuja kulinywesha ua lenu."

"Mimina polepole, Bi, usimwage," mavyaa alimjibu.

"Nimwage wapi? Chungu chenu hiki kina kifua, wallahi. Hakitoi hata tone. Changu mie ukikitia maji juu, chini kinakojoa papo hapo."

Mavyaa alitabasamu kwa fahari. Na mimi, niliyekuwa nimelala mkekani hatua sita kutoka pale, nilicheka nao. Nilikuwa nimesikia maneno yote niliyohitaji kuyasikia, na nikacheka.

Jani la kwanza la njano nililiona wiki ya pili. Lilikuwa chini kabisa, nikajiambia ni la uzee. Kesho yake yalikuwa manne. Kisha vile vitumba vyeupe vya maua, ambavyo havijafunguka, vikaanza kudondoka vikiwa vimefumba, na kila asubuhi nilivikuta juu ya kinu.

Hapo ndipo nilipoogopa. Nilikuwa nimesoma sekondari, na nilijua mti ni mti. Nilijua pia kwamba mti huu ulikuwa ukinywa kile kile ninachokunywa mimi, saa zile zile, kutoka bilauri ile ile. Kama maji hayo yalikuwa hayausaidii, kulikuwa na nini ndani ya nyumba hii? Na kama ua linadondoka likiwa limefumba, mimi niliyebeba nimngoje nani? Sikumwambia mtu. Maneno hayo ukiyatoa mdomoni yanaweza yakakaa.

Nikaanza kuutibu. Kwanza nilidhani ni kiu, kwa kuwa majani yalikuwa yamelegea kama ya mti uliokosa maji, nikamwomba mavyaa auongeze maji. Akaongeza. Majani yakalegea zaidi. Nikasema labda ni jua, kinu kikavutwa kivulini. Nikasema labda udongo umechoka, akatia jivu, na siku ya pili yake akatia maji ya kuoshea mchele, kata nzima, yale mazito ya mwanzo. Ncha za matawi zikawa nyeusi.

Jirani akasimama mbele yake, kopo mkononi, akashika kiuno.

"Hili limepigwa jicho," alisema. "Kuna mtu kapita hapa kasema, lo, asmini gani hii, wala hakusema mashaallah."

"Ni nani anayepita hapa zaidi yako?" mavyaa alimuuliza.

"Haya, miye tena! Mchawi nimejulikana. Nipeni basi kombe langu niondoke nalo."

Walicheka wote wawili, lakini kicheko cha mavyaa kilikatika katikati. Alifunga kitambaa cheusi kwenye tawi. Nilimwona pia anavyosimama pale asubuhi baada ya sala, anahesabu. Midomo ilikuwa inasoma, kidole kinahesabu majani. Akigeuka nami nafumba macho. Mume wangu naye aliacha kusimama mlangoni. Aliingia akiwa anaangalia upande wa pili, akaniuliza kama nimekula, akakaa chini mbali na kile kinu.

Siku tatu kabla ya yale ninayotaka kuyaeleza, chungu kikaanza kunuka. Nilikuwa napita kwenda kunawa, nikahisi harufu ya kitu kilichooza, na chini ya harufu hiyo nyingine nzito zaidi, kama ya samaki wa zamani. Nilirudi mkekani nimeshika ukuta. Asmini niliyoijua mimi haikuweza kutoa harufu ile.

Kisha mtoto akaacha kucheza. Alikuwa ameanza kunigusa wiki ile ile, mguso mdogo kama wa kipepeo aliyefungiwa kiganjani. Jana yake alasiri hakunigusa. Asubuhi hakunigusa. Nililala ubavu wa kushoto, nikalala wa kulia, nikanywa kombe, nikangoja. Hakuna kitu.

Asubuhi hiyo mavyaa alikuwa amekwenda kwenye hitima mtaa wa juu, mume yuko skuli. Nilikuwa peke yangu na ule mti uliobakiwa na majani saba. Nikainuka. Sijui nilitaka nini. Nafikiri nilitaka kuona kilicho ndani yake, kwa kuwa cha ndani yangu sikuweza kukiona. Kuinua nilikatazwa, basi sikuinua. Nilishika ukingo kwa mikono miwili nikakilaza chungu upande, polepole, nikikiegemeza kwenye nyonga.

Maji yakatoka. Udongo haukutoka, yalitoka maji, mengi, meusi, yenye kunuka, kama mtu aliyeinamisha mtungi. Yakanipitia mapajani, yakanishukia miguuni, yakatanda uani mpaka kwenye kizingiti cha jiko. Mti ukateleza mzima ukafuata, na donge lake la tope.

Nilisimama pale pale. Maji yale yalikuwa makombe ya wiki tano, yangu na ya mume wa jirani, na mimi nilikuwa nimesimama juu yake kwa nyayo tupu. Nikiinua mguu nitayakanyaga tena. Kulia ni maji, kushoto ni maji. Nikakumbatia tumbo, nikabaki hivyo hivyo, na kila nilichokisoma katika maisha yangu kilinitoka kichwani, isipokuwa jambo moja tu, kwamba nimemuua mwanangu sasa hivi kwa miguu yangu mwenyewe.

Sijui nilisimama muda gani. Mavyaa alinikuta hivyo. Alitupa sahani ya sadaka aliyokuja nayo.

"Damu?" alipiga kelele. "Ni damu?"

"Ni kombe," nilimwambia. "Mama, nimelikanyaga kombe. Siwezi kutoka."

Aliangalia maji, akaangalia chungu, akaniangalia mimi. Nilingoja anilaani. Alivua viatu vyake, akaingia katika maji yale kwa miguu yake mwenyewe, akanishika kwapani.

"Toka, mwanangu. Tutoke sote. Kama ni dhambi tutakwenda kuigawana."

Aliniweka juu ya kibao cha mbuzi, mlangoni mwa jiko, akaniosha miguu kwa maji ya mtungi, mguu mmoja mmoja, hata baina ya vidole. Kisha akaenda akakipindua chungu kwenye jua, nami nikakiona kitako chake. Tundu la baba halikuwapo. Pahala pake palikuwa na kizibo kilichokandamizwa vizuri, kimelainishwa kwa kidole, hakina hata ufa.

Nilinusa kutoka pale nilipokaa. Ilikuwa pamba na mafuta ya papa, vile vile wanavyoziba mbao za mashua zisipitishe maji.

"Nani kaliziba?" niliuliza, ingawa mjini Wete kulikuwa na mtu mmoja tu wa kufanya kazi ile uani kwetu.

Mavyaa alikaa chini.

"Mie. Siku ile ile ya kwanza," alisema. "Nilitia kombe juu, likatoka chini, likateremka kwenye kinu likaingia uani. Bata wakalipitia. Nikasema, Mola wangu, maneno yako yanakanyagwa na bata, na huyu mtoto wa watu anatokwa na damu mle ndani. Nikachukua pamba ya mashua ya marehemu mume wangu, na mafuta yake yalikuwapo bado kibuyuni. Nikaliziba. Nimezaa saba, mwanangu. Aliyebaki ni mumeo. Niliogopa."

"Mbona hukuniambia?"

"Na weye mbona hukuniambia kama unaogopa? Nilikuwa nakuona unavyofumba macho."

"Na mimi nilikuwa nakuona unavyohesabu."

Bata walikuwa wamekwisha kuja, wanachokora tope, na hakuna kati yetu aliyewafukuza.

Maneno ya skuli yalinirudia hapo, taratibu, kama damu inavyorudi kwenye mguu uliokufa ganzi. Nikamwambia kwamba mizizi hupumua. Mti uliozama mizizi majini hulegea majani sawasawa na wenye kiu, na sisi tulipoona umelegea tukauongeza maji, na ulipozidi kulegea tukazidi kuongeza.

"Hayo ndiyo mliyokwenda kusomea Unguja?"

"Ndiyo."

"Basi siku zote hizi ulikuwa umeyaweka wapi?"

Swali hilo mpaka leo najiuliza.

Alikwenda kwa mwalimu wa chuo kuuliza hukumu yetu. Nilibaki juu ya kibao, miguu nimeikunja nisiguse chini. Aliporudi alikuwa ameshika buibui mdomoni, na mwanzo nilidhani analia.

"Anasema ardhi ni twahara, na asiyekusudia hana dhambi. Kuanzia leo mabaki tuyatie kwenye shina la mlimau kule pembeni, penye mawe, hapapiti mtu. Halafu akaniuliza," alisema, na sauti ikampasuka kwa kicheko, "akaniuliza, Bi, hilo ua lilikuwa linaumwa nini hata mkaliandikia kombe?"

Alasiri ile, nimelala ubavu wa kushoto, mtoto alinigusa mara moja. Nikangoja mguso wa pili. Haukuja mpaka kesho yake.

Kazi ya kuunusuru mti tuliifanya siku mbili baadaye, mimi nikiwa nimelala na kutoa amri, mavyaa akiwa mikono yangu. Mume wangu alileta udongo mwepesi kutoka shamba la mjomba wake Kiuyu na kikapu cha mchanga. Mavyaa alikichokoa kizibo kwa ncha ya kisu, kidogo kidogo, akifanya uso wa mtu anayeharibu kazi nzuri. Mizizi ilikuwa kama kamba zilizosahaulika majini, ukiivuta ngozi inabaki mkononi. Alikata yote iliyooza. Ilibaki mitatu myeupe. Nikamwambia akate na matawi.

"Yote?"

"Yote. Bakisha shubiri moja tu. Mizizi mitatu haiwezi kuyanywesha."

Alipunguza mpaka pakabaki vijiti vinne vilivyo uchi. Tundu likafunikwa kigae kilichopinda, udongo ukatiwa juu yake, na maji kikombe kimoja tu. Nikamfundisha kutia kidole mpaka kiungo cha pili, na kama kikitoka na ubichi asitie kitu. Jirani alipoona vile vijiti aliweka mkono kifuani.

"Mmelinyoa! Hata maiti hanyolewi hivi."

"Shika adabu, kuna mja mzito hapa," mavyaa alimwambia.

Lakini neno lilikwisha kutoka. Nilikuwa nimejua kilichokuwa kinauua ule mti, nilikuwa nimekiona kile kizibo kwa macho yangu, na bado kila asubuhi niliinua kichwa kuangalia kama kuna jani. Wiki ya kwanza hakuna. Wiki ya nne hakuna. Niliukwaruza gamba kwa ukucha mara moja, nikaona ubichi mdogo, na tangu hapo niliogopa kukwaruza tena nisije nikakuta umekauka. Damu ilikuwa imekatika, mtoto sasa ananipiga mateke ya kweli, mkunga anasema sawa, na mimi bado nahesabu majani kwenye vijiti visivyo na jani. Mavyaa naye alikuwa anahesabu. Tulikuwa tunakutana pale asubuhi, kila mmoja anajifanya amefuata maji.

Uchungu ulinishika asubuhi moja, mimba ikiwa na miezi minane, baada ya chai, kabla ya wakati ambao mkunga aliutaja. Walinipeleka ndani. Kupitia mlangoni nilimwona mavyaa anakimbilia uani, anakibeba chungu kifuani, anakipeleka ghalani, na anatupia upande wa kanga juu yake. Hakutaka nikione. Kwa hivyo ndani ya maumivu yale yote nilikuwa na hesabu moja tu, kwamba kama amekificha, basi amekwisha kujua.

Jua lilikuwa karibu kichwani mtoto alipotoka. Kwanza hakulia. Mkunga alimshika miguu, akampiga, nikasikia mtu anasoma, kisha nikasikia sauti nyembamba, yenye hasira, kama mlango usiotiwa mafuta. Walimweka kifuani kwangu akiwa bado ana utelezi. Alikuwa msichana, na vidole vyote.

Mavyaa alikuwa amepiga magoti pembeni ya kitanda, uso wake umelowa wote.

"Mama," nilimwita. "Mwasmini."

Aliangalia pembeni.

"Niambie."

"Bado," alisema.

"Hata jani moja?"

Alimwangalia mtoto, ambaye alikuwa ameshapata ziwa na anavuta kwa nguvu mpaka masikio yanacheza.

"Hakuna hata jani moja," alisema.